Mlima Kenya kwa mtu wa Lamu: usipande kabla maji hayajajaa

Tangu nirudi kutoka Mlima Kenya mwezi wa pili simu yangu haipumziki, watu wanauliza baridi ilikua vipi, nilivaa nini, nililipa ngapi, na mashangazi zangu wao wanauliza nilifuata nini huko. Ntajaribu kujibu yote hapa mara moja. Lakini kuna swali nililokua nangoja mtu aniulize na hajauliza hata mmoja: ulienda kwa siku ngapi? Kwa sisi tuliozaliwa miguu majini hilo ndio swali, mengine yote yanafuata nyuma yake.

Kila mtu wa Lamu anaijua Mkanda. Ukitoka mjini kwenda Faza na mashua njia ya karibu ni kupita Mkanda, na maji yakitoka Mkanda haipitiki, mashine yako iwe kubwa vipi utakwama kwenye matope na mikoko inakutazama. Huna la kufanya ila kungoja maji yajae. Hakuna nahodha anayeona haya kungoja Mkanda, hakuna abiria anayemwambia wewe nahodha dhaifu. Sasa mwili wa mtu wa pwani kule juu ni hivohivo. Unafika mahali mlango haujafunguka bado, na ukilazimisha unapata madhara, ukingoja siku moja mbili unapita vizuri kabisa. Mimi nimelijua hili kwa kuumia, ndio nataka wewe ulijue kwa kusoma tu.

Mara ya kwanza tulienda watu sita, wanne wa Lamu na wawili wa Malindi, tulichukua safari ya siku tatu kwa njia ya Naro Moru kwasababu ndio ilikua rahisi na sote kazini tulipewa siku chache. Hebu angalia hesabu. Ijumaa usiku tuko kwenye basi, Jumamosi jioni tunalala kambi ya Met Station mita 3,050, Jumapili mchana tuko kambi ya Mackinder mita 4,200, na usiku uleule saa nane tunaamshwa kupanda kilele cha Lenana ambacho ni mita 4,985. Yani mtu aliekua anakula samaki Forodhani siku mbili nyuma leo yuko mahali ambapo hewa inayoingia kifuani ni kama asilimia sitini tu ya ile aliyoizoea. Kilele chenyewe ni karibu nusu.

Jumapili jioni kichwa kilinishika kama kimefungwa kamba, nikatapika chai, chakula sikitaki hata kukiona. Nikadhani ni mimi tu. Lakini binamu yangu, ambae kati yetu ndie mwenye kifua, anapiga mbizi tangu mtoto, yeye alianza kusema maneno yasiyoshikana na alipotoka hemani kwenda haja akawa anayumba kama mtu aliyelewa na yeye pombe hajawahi kuionja. Aliyekua akituongoza, wa kampuni tuliyoilipa, akasema ni uchovu, anywe maji alale. Mungu ampe kheri muongozaji wa kundi jingine aliyekua jirani yetu, alisikia, akaja na tochi, akamwambia binamu atembee mstari ulionyooka kisigino mbele ya kidole, akashindwa hatua ya tatu. Yule bwana hakungoja ruhusa ya mtu, alisema huyu anashuka sasa hivi. Wakashuka usiku ule, wawili wamemshika mabega, na alfajiri walipofika Met Station binamu alikua anaongea kama kawaida na anaomba uji.

Ndio maana naanza na hili kabla ya mabuti na majaketi. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula ukiwa juu ya mita 3,000 ni mwili unakwambia simama hapohapo, usipande zaidi mpaka uone nafuu. Lakini kuyumba, kuchanganya maneno, au kukohoa na kukosa pumzi hali umekaa kitako, hayo si ya kungoja asubuhi, hayo dawa yake ni kushuka, usiku au mchana, mvua au jua. Na usijidanganye kwamba wewe unafanya mazoezi. Nguvu za mwili hazikukingi, nimeona mwenye kifua kipana akishuka amebebwa na mzee wa miaka sitini akipanda taratibu anaimba. Kuna vidonge vya acetazolamide, wengi wanavijua kwa jina la Diamox, vinasaidia mwili kuzoea haraka kidogo, vidole vitawasha kama sisimizi wanatembea na utakojoa sana. Muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Na vidonge haviondoi ile haja ya kungoja.

Miaka miwili ikapita. Binamu hataki kusikia habari ya mlima, na simlaumu. Mimi lakini nilikua na deni na ule mlima, nikarudi mwaka huu na kaka yangu mkubwa, safari hii kwa njia ya Chogoria upande wa mashariki, siku tisa kutoka Nairobi mpaka Nairobi, na ndio njia ninayomshauri mtu yeyote wa pwani.

Kwanini Chogoria? Kwasababu ni ndefu na inapanda kwa ngazi ndogondogo, na kwasababu inapita kwenye bonde ambalo sidhani kuna mahali pengine Kenya hii pamefanana nalo. Tulilala Nairobi siku mbili kwanza. Usiidharau Nairobi, iko karibu mita 1,700, kwa damu ya Lamu hio nayo ni ngazi. Alafu Chogoria mjini, na kutoka pale kuna barabara ya msituni kama kilomita 30 mpaka geti la mbuga, tope tupu, gari lazima liwe la kuvuta magurudumu yote manne, unapita kwenye miti mikubwa alafu mianzi imefunga juu kama dari, na kinyesi cha ndovu njiani kingine bado kinafuka. Kwenye mianzi usishuke kupiga picha. Nyati hasikilizi samahani.

Karibu na geti kuna vibanda vya kulala, kama mita 3,000. Hapo tulilala usiku mbili. Siku ya pili tulipanda kidogo mchana tukarudi kulala chini. Siku iliyofuata tukaenda ziwa Ellis, karibu mita 3,450, tukalala. Yani kanuni niliyoifuata ni hii, juu ya mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na ukishapanda elfu moja ongeza siku moja ya kukaa tu. Mchana unaweza kwenda juu zaidi, haina neno, usiku ndio urudi chini. Muongozaji wetu, mzee wa Kimeru wa Chogoria hapohapo, alipoona ratiba yangu alicheka kwa furaha akasema dada ungekua mteja wangu miaka yote. Anasema wengi wanakuja na tarehe ya ndege mfukoni.

Mzee huyo alinifundisha kutembea upya. Mimi natembea kama mtu wa mtaani kwetu, haraka haraka, kwasababu vichochoro vyetu ukizubaa punda anakupita. Yeye alikua mbele yangu na mwendo wake nilidhani ananitania mwanzo, mguu unatua, unapumzika, ndio mwengine unaondoka. Akasema ukiweza kuongea bila kuhema hapo mwendo wako sawa, ukishindwa kumaliza sentensi punguza. Kwa saa nane kwa siku mwendo ule ulitufikisha kila mahali kabla ya mvua ya alasiri, na vijana wa mjini waliotupita asubuhi tulikua tunawakuta wamelala juu ya mawe.

Sasa nikwambie kuhusu bonde lenyewe, lile wanaliita Gorges.

Ukitoka Ellis unapanda ukingo mrefu, kushoto kwako ardhi imeanguka. Huwezi kuona chini mpaka ufike kabisa kwenye mdomo. Tulifika mahali wanaita Temple, jabali limesimama wima, nikalala kifudifudi nikachungulia, na chini kabisa, kama mita mia tatu, kuna ziwa la kijani limekaa kimya, hilo ndio Michaelson. Kuta za bonde zimenyooka pande zote mbili na sakafu yake imekua bapa kama imepigwa randa. Mzee akanieleza kwamba lilichongwa na barafu zamani sana, mto mzima wa barafu ulikua unashuka hapa ukisaga mawe chini yake. Na kweli ukilitazama unaona limechongwa, mto wa maji haukati hivo, mto wa maji unakata kama kisu, hapa ni kama mtu amekwangua kwa mbuzi wa nazi.

Kutoka ziwa lile maji yanaendelea chini, kuna maporomoko wanaita Vivienne, na mto unaotoka pale ndio Nithi. Nikauliza Nithi inaenda wapi. Mzee akasema Tana.

Nilikaa chini. Mamangu ni wa Kipini. Kipini ndipo Tana inapoingia baharini, nimekulia likizo zangu zote pale kwa bibi, nimeoga maji yale ya rangi ya chai ya maziwa, nimemuona bibi akisema mto leo umekuja na nguvu, bara kumenyesha. Na mara ngapi nimevuka daraja la Garsen ndani ya basi nimelala. Kumbe maji yale mengine yanatokea hapa, kwenye ziwa lililonyamaza kwenye baridi, hakuna mtu. Sikuwahi kufundishwa hivo shuleni, au nilifundishwa kwa namna ambayo haikuniingia. Tulifundishwa Tana inaanzia Aberdare na Mlima Kenya, tukaandika, tukapata tiki, basi. Nataka watoto wa Kipini, Ozi na Witu waletwe hapa waone. Nimelisema hili kwa kila mtu tangu nirudi na ntaendelea kulisema.

Kwaiyo ushauri wangu ni ushuke mpaka Michaelson ulale, usipite juu kwa juu tu kama wanavofanya wenye haraka. Liko kama mita 3,950. Sisi tulilala usiku mbili. Kuna lobelia kubwa na senesio, mimea ambayo ukiiona unajua uko mahali pengine kabisa. Senesio halitupi majani yake yakikauka, linayaacha yamening'inia shinani yanakua koti. Lobelia linafunga majani yake usiku kama mtoto anavojikunyata, na katikati lina maji, asubuhi yale maji juu yameganda kioo na kichipukizi kiko salama ndani. Kila kitu kinachoishi kule kimejifunza kuvaa, manake mchana jua linachoma na usiku maji kwenye ndoo yanakua barafu, kila siku hivohivo.

Basi tuje kwenye kuvaa na sisi. Mafuta yangu ya nazi yaliganda tangu tuko Chogoria mjini, kaka akasema haya, tushaaga pwani. Kanuni ni nguo nyepesi nyingi juu ya nyingine, sio jaketi moja zito. Karibu na ngozi usivae pamba. Sisi watu wa joto tunaipenda pamba na ni sawa nyumbani, lakini kule ukitoka jasho pamba inashika maji, ukisimama dakika tano inakugeukia baridi ya kuua. Vaa sufi au zile fulana za mazoezi za kitambaa kinachokauka, juu yake sweta zito, juu yake jaketi la kuzuia upepo na mvua. Jaketi la manyoya weka kwenye begi la kuvaa ukisimama na usiku. Gikomba Nairobi utapata vizuri kwa bei ya mtumba, nenda mapema asubuhi, jaribu zipu kabla hujalipa. Buti usinunue mtumba, na usinunue wiki ya safari. Mimi nilizivaa miezi miwili kwenye mchanga wa Shela mpaka zikanizoea.

Kwa akina dada wenzangu, nilivaa suruali ya kupandia na gauni jepesi la magotini juu, kofia ya sufi inayobana na juu yake mtandio mfupi umefungwa nyuma, haukunisumbua hata siku moja. Nilibeba leso mbili, moja ilikua shuka, taulo, pazia la kujisitiri njiani kwasababu miti imekwisha na hakuna pa kujificha, kila kitu. Beba leso. Na kama uko kwenye siku zako au unazitarajia beba vyako vya kutosha na mfuko wa kurudisha taka chini, usifukie, ardhi ile haiozeshi kitu.

Kuhusu swala, wengi wameniuliza. Sisi ni wasafiri, tulipunguza na kukusanya. Kibla kutoka kule ni karibu sawa na kaskazini kama nyumbani tu. Udhu alfajiri na maji yale ni mtihani, nilitia udhu wa kwanza kwa maji ya moto ya thermosi nikavaa khufu, alafu nikawa napaka juu yake, msafiri ana siku tatu na usiku zake. Ukihofia baridi itakudhuru muulize sheikh wako habari ya kutayamamu kabla hujaondoka, sio ukiwa hemani unatetemeka.

Usiku chupa ya maji lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia, simu pia, betri inakufa kwa baridi. Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili chini ya sifuri, hapa usibane pesa, heri ukodi mzuri kuliko kununua mbaya. Chakula kitakua hakitaki kupita, kula hivohivo. Mimi nilichobeba kutoka nyumbani na nikashukuru ni tende, halua na tangawizi kavu. Halua ya Lamu kwenye mita 4,000 inakua ngumu kama sabuni, unaikata vipande unaweka shavuni unatembea. Mapota, yani wabeba mizigo, wote walijua ladha yake siku ya tatu, na hapo niseme, mapota wale ndio wanaokupeleka, uhakikishe wana nguo na mahali pa kulala na mzigo wao upimwe, na bakshishi yao uiweke kando tangu nyumbani.

Kutoka Michaelson tulipanda hadi kibanda cha Minto, kama mita 4,300, tukapumzika siku nzima. Kaka aliumwa kichwa jioni ya kwanza. Tulikubaliana tangu Lamu kwamba mmoja akiumwa hatupandi, na hatukupanda, tulikaa, siku ya pili kikaachia chenyewe bila dawa. Ndio kungoja maji yajae kulikokua. Kama tungekua na siku tatu tungekua tumeshapita hapo na kichwa kile, na sijui kingetufikisha wapi.

Siku ya kuvuka tulitoka saa tisa usiku. Kutoka Minto unapanda kokoto tupu, mteremko mkali, hatua mbili mbele moja nyuma, tochi kichwani na unaona viatu vya aliye mbele tu. Unapita kijiziwa cha Square Tarn, alafu Tooth Col, ambao ni mlango wenyewe, juu kidogo ya mita 4,700. Nasema mlango kwasababu ndivyo ulivyo, kama mlango wa mwamba wa bahari pale mashua zinapotokea, huku ni maji mengine na huku mengine. Nyuma yako ni bonde la Gorges na njia yote uliyokuja, mbele yako ni barafu ya Lewis.

Kundi jingine lililala palepale Minto lilitoka saa saba ili wakaone jua likichomoza wakiwa kileleni. Mimi nilimwambia mzee sitaki, nataka mwanga unikute mlangoni. Naona ndio sawa na nawashauri hivo, manake baada ya Tooth Col unatembea kandokando ya mabaki ya barafu, mawe yamevishwa barafu nyembamba isiyoonekana kwa tochi, na miguu imechoka. Kulipokucha tukafunga vyuma vya meno kwenye buti kwa kipande kifupi cha theluji iliyoganda, fimbo mkononi, mzee mbele anagonga kwanza ndio sisi tunakanyaga. Dakika kumi na tano hivi. Kipande hicho ndicho nilichokiogopa miezi yote na kilipita salama kwa sababu tulikua tunaona.

Alafu nikaiona barafuto ya Lewis. Barafuto ni ile barafu kongwe ya mlimani, theluji ya miaka na miaka iliyoshindiliana ikawa jabali. Nilikua nimeona picha za zamani, imejaa bonde, nyeupe, watu wadogo juu yake. Nilichokikuta ni kipande kimelala kwenye mawe, rangi ya majivu, vumbi limekaa juu, kingo zake zimeliwa chini kama mashua iliyoliwa na mchwa wa maji, na chini yake unasikia maji yanatiririka, tiritiri, tangu asubuhi hio jua halijashika. Mzee akasimama. Akanionyesha kwa fimbo mahali barafu ilipokua alipoanza kazi ujanani, wakati wapandaji wa kilele cha Nelion walilazimika kuivuka kwa kamba. Alikua anaonyesha juu ya mawe matupu, mbali kabisa na ilipo leo.

Mackinder, yule mpandaji ambae kambi ina jina lake, alipofika kilele cha Batian mwaka 1899 mlima huu ulikua na barafuto nyingi, mwanzoni mwa karne iliyopita zilihesabiwa 18. Lewis imekua ikipimwa tangu 1934, ni miongoni mwa barafuto zilizopimwa kwa muda mrefu zaidi katika nchi za joto, na vipimo vyote vinasema kitu kimoja. Gregory, jirani yake, imekwisha kabisa. Lewis yenyewe imekatika vipande. Joto limepanda na theluji inayoanguka haitoshi kulipa inayoyeyuka, na barafu ikishachafuka vumbi inakua nyeusi inameza jua zaidi. Sio habari ya kusoma gazetini ukageuza ukurasa, nilisimama pale nikaisikia inakwenda. Kama una nia ya kuiona usiiweke ya uzeeni.

Na tafadhali usipande juu yake kupiga picha. Imetoboka ndani, huoni palipo pazima.

Kutoka pale mpaka kibanda cha Austrian, kama mita 4,790, alafu Lenana saa moja hivi. Tulifika saa mbili kasoro, kundi la jua lilikua limeshashuka, tulikua peke yetu watatu. Mawingu yalikua chini yetu kama bahari ya asubuhi wakati upepo haujaamka, na mbali kusini Kilimanjaro. Batian na Nelion zimesimama karibu hapo, ngumu, hizo ni za wenye kamba. Nililia, kaka alilia, tukampigia mamangu, netiweki ikakubali dakika moja.

Kushuka tulishukia upande mwengine, bonde la Teleki mpaka Mackinder, kambi ileile iliyotushinda. Magoti yanaumia kuliko mapafu, shuka na fimbo mbili na kata kucha za miguu kabla ya siku hio. Nikaenda kukaa mahali lile hema letu lilipokua. Kesho yake ni lile tope la mteremko juu ya Met Station, vaa buti zilizofungwa vizuri, pita katikati ya tope usikanyage nyasi za pembeni ukaongeza njia. Maji ya Lewis yanashuka upande huu, yanaingia mto Naro Moru na Ewaso Ng'iro, na hayafiki kwetu, yanapotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Kwaiyo ukivuka mlango umevuka pia maji, huku ya baharini, huku ya jangwani.

Mambo madogo yaliyobaki. Nenda Januari au Februari, kaskazi ikiwa imetulia, au Julai mpaka Septemba, lakini upande wa Chogoria unapata mvua kuliko Naro Moru hata miezi hio, kwaiyo koti la mvua ni lazima. Kiingilio kinalipwa kwa eCitizen, maliza ukiwa mjini. Usiende peke yako, getini hawatakuruhusu na wako sahihi. Muulize muongozaji kabla hujampa pesa atafanya nini mmoja wenu akianza kuyumba usiku, akijibu maji na kulala tafuta mwengine. Mazoezi, sisi hatuna milima lakini tuna mchanga. Nilitembea Shela ufukweni mara tatu kwa wiki na begi lenye mchele kilo kumi, nikapanda na kushuka vichuguu vya mchanga, na siku za mvua ngazi za nyumba yetu kutoka dakani mpaka juu mara hamsini. Malindi mna ufukwe mrefu, fanyeni hivohivo. Miwani ya jua nzuri beba, weusi wetu hauzuii macho kuungua na theluji, na midomo paka samli.

Jaketi mbili za manyoya, fimbo na mfuko mmoja wa kulalia viko kwangu mtaa wa Langoni, havina kazi mpaka mwakani. Anayetaka kuazima aseme mapema kabla ya Januari, na akija aniambie kwanza ametenga siku ngapi.